Baiskeli Isiyo na Kiti: Shajara ya Kuijenga Kutoka Phoenix Chakavu

Jumamosi, 3 Juni 2023: Sababu na mpango

Mwezi Februari niliteleza kwenye ngazi za shule nikaangukia makalio, na tangu siku hiyo kifandugu changu hakijapatana na kiti chochote kigumu, cha baiskeli kikiwa adui wa kwanza. Daktari alinieleza kwamba mfupa huo haufungwi plasta, bali hupona kwa kuachwa upumzike, na kwamba baiskeli yangu niisahau kwa miezi kadhaa. Nafundisha fizikia katika shule iliyo kilomita 5.1 kutoka nyumbani kwangu Kihonda, hapa Morogoro, na kwa muda wote huu nimekuwa nikisafiri kwa daladala, nimesimama, nimeshika bomba la juu, huku kichwa kimeinama kwa sababu ya dari. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa kusimama, niliona heri nisimame juu ya magurudumu yangu mwenyewe.

Wazo hili si geni. Karibu kila mtoto wa hapa aliyejifunzia baiskeli ya baba yake aliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu, mwili umepinda, kiti kikiwa usawa wa bega lake bila kazi yoyote. Mimi niliendesha hivyo mwaka mzima kabla miguu yangu haijawa mirefu vya kutosha. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu ya mbao haina kiti wala pedali: mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, husukuma ardhi kwa mguu wa pili, na hubeba magunia ambayo pikipiki ingeyalalamikia, hata mji ukaisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Baiskeli za mashindano ya kuruka vikwazo, ambayo Chama cha Kimataifa cha Baiskeli (UCI) huyasimamia kwa magurudumu ya inchi 20 na ya inchi 26, zina fremu iliyolazwa chini kabisa, kwa sababu mchezaji anahitaji nafasi ya kuuvuta mwili wake juu na kuushusha bila kugonga kitu. Nchini Marekani ElliptiGO, baiskeli ya kukanyagwa ukiwa umesimama, imekuwa ikiuzwa tangu 2010 kwa watu ambao magoti au nyonga zao haziwaruhusu tena kukimbia, na nchini Bulgaria wasanifu majengo wawili walibuni Halfbike, yenye gurudumu moja kubwa mbele na mawili madogo nyuma, ambayo hukata kona kwa kuegemea upande. Zote hizo ni ghali kwa mshahara wangu isipokuwa chukudu, na chukudu kwenye mlima husukumwa.

Nataka basi baiskeli ya kusimama iliyotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana Morogoro, ambayo fundi yeyote aliyekaa chini ya mwembe anaweza kuirekebisha. Kwa jinsi ninavyoona, kazi yenyewe ni kung'oa kiti na kukata bomba lake.

(Sentensi hiyo ya mwisho nimeiacha kama nilivyoiandika siku ya kwanza, ili atakayeiga kazi hii aone nilikoanzia.)

Jioni nilifanya jaribio la bure: niliing'oa siti ya baiskeli yangu ya zamani nikaenda nayo mita 800. Mambo mawili yalijitokeza. Kwanza, usukani ulikuwa chini mno, nikawa kama mtu anayefua nguo kwenye beseni huku anatembea, na mgongo ukaanza kulalamika kabla ya kufika kona. Pili, bomba tupu lililoelekea juu katikati ya miguu yangu ni kitu cha hatari kiasi ambacho sihitaji kukieleza. Asirudie mtu jaribio hili.

Jumamosi, 10 Juni 2023: Ununuzi na vipimo

Nimenunua baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 kwa muuza vyuma chakavu, upande wa Msamvu, kwa shilingi 40,000. Fremu haina ufa, uma wa mbele umenyooka, kranki (mikono inayoshika pedali) ni ya kotapini, yaani pini za kabari zinazoifunga kwenye ekseli yake, gia ya mbele ina meno 44, na breki ni zile za fito zinazobana ringi kwa ndani. Ekseli ya kranki iko sentimeta 30 kutoka ardhini, umbali kati ya vitovu vya magurudumu ni sentimeta 115, vishikio vya usukani viko sentimeta 98, na mkono wa kranki una sentimeta 17. Hii ina maana kwamba pedali ikiwa chini kabisa mguu wangu uko sentimeta 13 juu ya ardhi, na mikono yangu iko sentimeta 85 tu juu ya unyayo. Mimi nina urefu wa sentimeta 172.

Jumamosi, 24 Juni 2023: Fremu ya kwanza, iliyocheza kama wavu wa kitanda

Nilimpelekea fundi wa kuchomelea mchoro: bomba la juu liondolewe lote ili mtu apande kwa kuvuka tu, bomba la kiti likatwe libaki sentimeta 30 juu ya kranki, na vyuma viwili vya nyuma vilivyokuwa vinashuka kutoka kwenye kiti vifupishwe, vichomelewe kwenye kisiki hicho. Fundi aliutazama mchoro kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, sasa shingo hii itashikwa na nani?" Nilimjibu kwamba bomba la chini linatosha, kwa kuwa baiskeli za akina mama nazo hazina bomba la juu. Alichomelea kama nilivyotaka, akachukua shilingi 10,000 zake, na hakusema neno jingine.

Baiskeli za akina mama zina bomba la pili, limeshushwa tu. Nilikuwa nimeziona maisha yangu yote bila kuziangalia.

Uzito wa mtu aliyeketi hutulia katikati ya fremu, lakini mtu aliyesimama huvuta usukani upande wa kulia anapokanyaga pedali ya kulia, kisha upande wa kushoto, na mvuto huo wote hufika kwenye bomba la shingo, lile linaloshika uma na usukani, kama mkono unaokamua nguo. Bomba moja la chini halikuweza kuuhimili. Nilipopanda uwanjani nyuma ya karakana, gurudumu la mbele lilikuwa likitazama kwake na la nyuma kwake, na kila nilipokanyaga kwa nguvu mnyororo uliruka kwa sababu kranki ilikuwa ikiyumba kando. Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo akinywa chai, na adabu yake ilimzuia kucheka mpaka nilipocheka mimi.

Suluhisho tulilokubaliana ni mabomba mawili membamba yanayoanzia sehemu ya juu ya bomba la shingo, moja kila upande, yanayopita kwa kushuka na kuchomelewa kwenye ncha ya kisiki cha bomba la kiti, kisha kuendelea moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya nyuma, yakichukua nafasi ya vyuma vya nyuma vya awali. Kwa njia hii fremu inarudi kuwa na pembetatu, ila pembetatu iliyolala.

Ijumaa, 7 Julai 2023: Sabasaba, na homa ya zinki

Hili ni kosa langu tena, na lingeweza kuwa baya zaidi. Kwa kubana matumizi nilinunua bomba la maji la nusu inchi, urefu wa mita 6, kwa shilingi 22,000, lile jeupe lililopakwa zinki. Fundi alichomelea viungo viwili vya kwanza ndani ya banda, mlango ukiwa nusu wazi kwa sababu ya vumbi la barabarani. Moshi mweupe ulijaa na mabaki meupe kama unga yakatulia kandokando ya kiungo. Usiku huo alishikwa na baridi, akatetemeka, mwili ukauma na mdomo ukawa na ladha ya chuma. Mke wake alidhani ni malaria, lakini kipimo hakikuonyesha kitu, na kesho yake jioni alikuwa mzima.

Mafundi wengi wanaijua homa hii na huiita kwa majina mbalimbali, na wengi hunywa maziwa kabla ya kazi kama kinga. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii mvuke wa zinki kuingia kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kuisaga zinki yote kwa grenda, sentimeta tano kila upande wa kiungo, na kuchomelea nje mahali penye upepo, au kutolitumia bomba hilo kabisa. Sisi tulichagua la pili. Nilinunua bomba jeusi la kutengenezea viti, la inchi robo tatu, lenye unene wa milimita 1.5, mita 6 kwa shilingi 14,000. Ni rahisi zaidi, na kwa kila mita lina uzito unaokaribia nusu ya lile la maji, kwa hiyo ubahili wangu ulikuwa ukininunulia uzito na ugonjwa kwa wakati mmoja. Kazi ya pili ya kuchomelea iligharimu shilingi 20,000, na fundi alikataa nyongeza niliyompa kwa ajili ya usiku ule. "Tumefunzana, Mwalimu," alisema.

Fremu mpya haichezi. Nilisimama juu yake nikarukaruka, nikaitikisa, nikapita nayo kwenye matuta, imetulia.

Jumamosi, 15 Julai 2023: Breki

Fito za breki za Phoenix zimeunganishwa na usukani, na mimi ninataka kuuinua usukani kwa sentimeta 14. Tulijaribu kuzirefusha fito kwa kuchomelea vipande. Zilipinda kama njiti mara tu nilipobana kwa nguvu, na gurudumu liliendelea na safari yake.

Nikanunua breki za kubana ubavuni, zenye waya, jozi moja ya mitumba kwa shilingi 15,000, nikafika nazo karakanani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Hapo ndipo fundi aliponishika kidole akakipitisha kwenye ubavu wa ringi ya Phoenix, nikahisi kwamba umeviringa kama mdomo wa sufuria. Ringi hizo zilitengenezwa zibanwe kwa ndani. Ubavuni hazina uso bapa wa kushikwa na mpira wa breki. Anayebadilisha breki hizi lazima abadilishe na ringi, na ni afadhali ajue hivyo kabla hajalipa.

Nilinunua magurudumu mawili ya inchi 26 ya mitumba, ya alumini, pamoja na matairi na friwili (seti ya gia za nyuma) ya gia tano, kwa shilingi 45,000. Gurudumu la nyuma lilikuwa pana kuliko nafasi iliyokuwapo, fundi akaipanua fremu kwa sentimeta moja na nusu. Nguzo ndogo za kushikia breki tulizikata kwenye uma mbovu wa baiskeli nyingine, tukazilehemu kwa shaba na gesi kwenye uma wetu na kwenye mabomba mapya ya nyuma, shilingi 8,000. Shaba ilichaguliwa kwa sababu moto wake ni mdogo kuliko wa umeme na hauli bomba jembamba la uma.

Hasara hii ilikuja na faida ambayo sikuipanga: magurudumu madogo yameshusha ekseli ya kranki kutoka sentimeta 30 hadi 27, na katika baiskeli ya kusimama kila sentimeta inayoshuka ni ya thamani, kama nitakavyoeleza chini ya tarehe 8 Agosti.

Jumamosi, 29 Julai 2023: Shina la usukani lililopasuka

Urefu wa usukani niliupata hivi. Nikisimama peku kiwiko changu kiko sentimeta 106 kutoka sakafuni. Ukiongeza sentimeta 10 za pedali iliyo chini kabisa unapata 116, na nimepunguza 4 ili mikono iinamie mbele kidogo. Jumla ni sentimeta 112.

Shina la kwanza lilikuwa la awali, lililokatwa katikati na kuongezewa kipande cha bomba kwa kuchomelea, shilingi 5,000. Baada ya siku sita za kuzunguka mitaa ya jirani, kiasi cha kilomita 31, nilianza kusikia mlio mdogo, kama panya anayetafuna, kila nilipokanyaga kwa nguvu. Nilikaza nati zote, mlio ukabaki. Asubuhi ya Jumatano, nilipokuwa nikifuta vumbi, niliona mstari mwembamba wa kutu umezunguka theluthi moja ya shina, pembeni kabisa mwa kiungo, si kwenye kiungo chenyewe. Mstari wa kutu mahali palipopakwa rangi wiki iliyopita ni ufa. Nililishika shina kwa mikono miwili nikalisukuma mbele na nyuma mara tatu, likabaki mikononi mwangu.

Mtu aliyeketi shina likimkatikia huenda akasalimika, kwa sababu kiti bado kinamshikilia. Aliyesimama hana kitu kingine isipokuwa pedali na usukani, na usukani ukiondoka anaufuata. Kwa hiyo sehemu hii haifai kubanwa bei hata kidogo.

Shina la sasa limetengenezwa na fundi kerezo kutoka bomba moja zima lenye unene wa milimita 2.5, lisilo na kiungo chochote mahali linapoingia kwenye uma, na linazama ndani sentimeta 8. Mahali usukani unaposhikana nalo pamevalishwa bomba la nje kama bangili. Gharama ni shilingi 18,000. Nimejiwekea zamu ya kulifuta kila Jumapili kwa kitambaa cheupe na kulitazama juani.

Jumamosi, 5 Agosti 2023: Gia, au kukanyaga hewa

Nilidhani kwamba mtu asiye na kiti atachoka haraka, na kwamba kwa hiyo anahitaji gia nyepesi. Dhana hiyo ilionekana ya busara kiasi kwamba sikuipigia hesabu, jambo ambalo ningelimkaripia mwanafunzi yeyote.

Kwenye friwili iliyokuja na magurudumu nilitumia gia kubwa ya meno 28. Meno 44 mbele na 28 nyuma maana yake ni kwamba kranki ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara 1.57, na kwa kuwa mzingo wa gurudumu hili ni mita 2.06, baiskeli husogea mita 3.2. Ili niende kilomita 15 kwa saa ningepaswa kuzungusha kranki mara 77 kwa dakika. Kwa aliyeketi hiyo ni kazi ya kawaida. Kwa aliyesimama ni ngoma: uzito wote wa mwili hushuka juu ya pedali isiyo na upinzani, mguu unafika chini kwa kishindo, mwili unaruka, na goti linapokea pigo kila nusu mzunguko. Watoto wa mtaani waliniona wakaanza kupiga makofi kwa mdundo.

Aliyesimama anahitaji pedali inayoukataa mguu kidogo, ili uzito wa mwili ushuke polepole na uwe ndio unaofanya kazi. Niliweka friwili ya gia moja ya meno 18 (shilingi 6,000), baiskeli ikawa inasogea mita 5 kwa kila mzunguko, na kilomita 15 kwa saa zikapatikana kwa mizunguko 50 tu. Kwenye tambarare ilikuwa raha tupu, kama kupanda ngazi zinazoshuka. Kwenye kimlima kifupi kabla ya shule nilisimama kabisa, nikalazimika kushuka na kusukuma kama mwenye chukudu. Friwili ya meno 20, shilingi 6,000 nyingine, ndiyo iliyobaki: mita 4.5 kwa mzunguko, mizunguko 55 kwa mwendo uleule, na kimlima napanda bila kushuka.

Mnyororo mpya shilingi 8,000. Friwili ya gia moja kwenye kitovu cha gia nyingi hukaa ndani mno na mnyororo hupinda. Weka washa (pete bapa za chuma) nyuma yake mpaka unyooke.

Jumanne, 8 Agosti 2023: Nane Nane

Nilikwenda na baiskeli hadi jirani na viwanja vya maonyesho, nikitaka kuipima mahali penye watu wengi na mwendo wa kusimama na kwenda. Kwa upande wa kusimama na kwenda ilinishangaza kwa uzuri: macho yako yako juu ya vichwa vya watu, kuteremka ni kuweka mguu chini tu, na hakuna kurusha mguu nyuma juu ya karia.

Kisha mtoto mwenye miwa akakatiza mbele yangu. Nilibana breki zote mbili kwa nguvu sawa, gurudumu la nyuma likanyanyuka kiasi cha shibiri moja, nikaiona lami ikinijia, nikaachia, nikatua. Mtoto alikwisha kupita. Pedali ilinipiga ugoko na kuutoa ngozi, na mama mmoja muuza maji akaniambia, "Pole baba, lakini kiti umekipeleka wapi?"

Jioni nilichora hesabu. Baiskeli hupinduka mbele pale breki inapoizuia kwa nguvu ambayo, ikigawanywa kwa uzito wote, inazidi uwiano wa vipimo viwili: umbali wa kwenda mbele kutoka kitovu cha uzito mpaka mahali gurudumu la mbele linapogusa ardhi, ukigawanywa kwa kimo cha kitovu hicho. Nikiwa nimesimama wima juu ya fremu hii, kitovu changu pamoja na baiskeli kiko kama sentimeta 119 juu na sentimeta 68 nyuma ya mguso, uwiano wa 0.57. Usukani ungebaki chini ningeinamia mbele, umbali ungekuwa kama 60, na uwiano ungeanguka hadi 0.5. Nikikunja magoti na kurudisha makalio nyuma, kimo kinashuka hadi kama 100 na umbali unafika 85, na gurudumu la nyuma halinyanyuki kirahisi. Kwenye baiskeli ya kawaida kiti hukuzuia kukunja magoti namna hiyo; hapa hakuna kinachozuia, ila lazima mwili ufundishwe. Nilirudia zoezi hilo mara 40 kwenye uwanja wa shule: kunja, rudi nyuma, bana ya nyuma kwanza, halafu ya mbele. Nimelegeza pia waya wa breki ya mbele ili isishike ghafla.

Jumamosi, 26 Agosti 2023: Kotapini na pedali

Kranki ilianza kugonga, *tak*, mara moja kwa kila mzunguko. Kotapini za Phoenix zilitengenezwa kwa mtu anayekanyaga akiwa ameketi, na mimi ninazipa uzito wa kilo 74 kila hatua. Za kwanza nilizipiga nyundo hewani, bila kuegemeza kranki, na zikalegea ndani ya wiki mbili. Njia sahihi ni kuchonga bapa lake kwa tupa mpaka liguse ekseli uso mzima (paka masizi ya taa uone linapogusa), kuweka kipande cha bomba chini ya kranki kiegemee sakafuni, ndipo upige, na nati iwe ya kushikilia tu, siyo ya kuvuta. Nne kwa jumla, shilingi 4,000, mbili zikiwa za ujinga.

Pedali za plastiki (5,000) zilipasuka siku ya tisa. Za chuma, pana, zenye gololi, ni shilingi 14,000. Nimezivisha kipande cha tairi ili soli isiteleze wakati wa mvua. Nilifikiria kuzipanua zaidi kwa ubao, lakini kwa ekseli ya kranki iliyo sentimeta 27 pedali pana ingekwaruza lami kwenye kona.

Jumamosi, 23 Septemba 2023: Kilomita 214

Safari 21 za kwenda na kurudi shule zimekwisha. Kifandugu hakijanisumbua hata siku moja njiani, ingawa bado kinanisumbua kwenye mabenchi ya mikutano ya walimu. Misuli ya ndama iliuma kwa siku kumi za mwanzo, nyayo kwa muda mrefu zaidi, hasa nikivaa viatu vyenye soli laini. Kiatu kigumu cha ngozi ni bora kuliko raba. Kusimama kuna gharama yake mwilini: nikifika shuleni kwa mwendo uleule, mapigo ya moyo niliyoyahesabu shingoni ni 136 kwa dakika, wakati kwa baiskeli ya kiti kabla ya kuumia yalikuwa 112. Kwa mwendo mdogo kiti hubeba sehemu kubwa ya uzito ambayo sasa inabebwa na mapaja, kwa hiyo kwa safari ya kilomita 5 ni mazoezi, na kwa safari ya kilomita 20 singemshauri mtu. Mzigo nao haufai kukaa mgongoni, kwa sababu unainua kitovu cha uzito; madaftari nayafunga chini, kwenye mabomba pacha.

Rangi ilikuwa shilingi 9,000. Jumla ya yote ni shilingi 249,000, ambazo kati yake 50,000 ni za makosa: bomba la zinki, uchomeleaji wa kwanza, shina lililopasuka, friwili ya meno 18, pedali za plastiki na kotapini mbili. Ningenunua tangu mwanzo baiskeli ya mitumba ya chuma ya inchi 26, yenye ringi bapa na nguzo za breki tayari, ningeokoa pia sehemu ya fedha za magurudumu na ulehemu. Kotapini nazo zisingekuwapo.

Jana fundi alinipigia simu. Muuza maziwa wa Mazimbu, mwenye matatizo ya nyonga, ameiona baiskeli na anataka ya kwake, na madumu yake mawili ya lita 20 yakae chini, kila upande wa gurudumu la nyuma. Nimempelekea fundi mchoro wa pili na kumwambia asitumie 112 yangu, bali ampime kwanza mzee huyo kiwiko akiwa amesimama, amevaa viatu vile vile anavyoendea maziwani.